Aliyelala Kiwanjani

Mwaka ambao vitunguu saumu vilipata bei nzuri, Marieta na mumewe Evarist walimaliza ubishi wao wa siku nyingi. Walikubaliana kununua kiwanja Dongobesh.

Evarist ndiye aliyekuwa na hamu. Kwa muda mrefu alikuwa akisikiliza kwenye simu mafundisho ya jamaa mmoja wa Dar es Salaam, aliyeeleza jinsi mtu wa kawaida anavyoweza kuanza kuwekeza kwenye ardhi na nyumba. Alimsikiliza akipalilia, akamsikiliza akikamua ng'ombe. "Jembe linataka mgongo kila msimu," alimwambia mkewe. "Chumba cha kupangisha ukishakijenga, wewe unalala, chenyewe kinafanya kazi."

Marieta hakuwa mtu wa kukataa maendeleo. Aliogopa tu kuweka jasho lao mahali asipopaona akiamka asubuhi. Kwao Tlawi akifungua mlango aliona shamba, zizi na mgomba alioupanda mwenyewe. Lakini binti yao Judith alikuwa anakaribia kumaliza sekondari, na mgongo wa Evarist kweli ulishaanza kumsumbua, kuna asubuhi alishindwa kuinama kuvaa viatu. Akakubali. Waliuza mavuno, wakauza na maksai wao wawili.

Kiwanja walichopata kilikuwa mahali pazuri, nyuma kidogo ya barabara iendayo mnadani. Muuzaji aliitwa Nicodemo, mtu mrefu asiye na maneno mengi, aliyekuwa anahamia Singida na familia yake. Nyumba yake alishaibomoa na mabati ameshayapakia. Waliandikishana mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Marieta aliuliza swali moja tu, kama kuna ndugu yeyote mwenye dai juu ya ardhi ile.

"Hakuna," Nicodemo alisema. "Ni yangu, nilipewa na baba."

Na hilo lilikuwa kweli.

Jioni ile, kabla ya kutafuta gari la kurudi, Evarist alikizunguka kiwanja akivichora vyumba hewani kwa mkono. Vyumba sita, vitatu vikitazamana na vitatu, uwanja katikati, choo nyuma. Walimu wangepanga, wauguzi wangepanga, na wanunuzi wa vitunguu wanaotoka mbali. Kodi yake ingenunua kiwanja kingine Katesh. Marieta alimtazama akasahau hofu zake. Ilikuwa miaka mingi hajamwona mumewe akitembea kwa mwendo ule, kama kijana aliyetoka kujibiwa posa.

Fundi wao, Hhando, alianza msingi wa vyumba vya upande wa barabara. Marieta akawa anashuka kutoka Tlawi mara kwa mara kuwapikia mafundi. Siku moja amechuchumaa kwenye mafiga anakoroga makande, alimwona mwanamke wa umri kama wake amesimama nje ya uzio wa minyaa. Mwanamke yule alikuwa anautazama msingi, uso wake umepauka.

"Habari za kazi," alisema.

"Nzuri. Karibu, pita ndani."

Hakupita. "Ninyi ndio mmenunua?"

"Ni sisi, mimi na mume wangu."

"Naomba uwaambie mafundi wasifike kule nyuma kwenye mawe. Mwanangu yuko pale."

Marieta aligeuka haraka, akidhani kuna mtoto ameingia kucheza karibu na mashimo. Hakuona mtoto. Aliona majani marefu, na alipoyasogelea akaona mawe yamepangwa kuzunguka kipande kidogo cha ardhi, kifupi kuliko mpini wa jembe. Ndani ya mawe majani yalikuwa yameng'olewa kwa mkono, mpaka udongo ukaonekana.

Alimshika mwanamke yule mkono, akamketisha kwenye ndoo iliyogeuzwa, akampa chai. Ndipo akasimuliwa.

Aliitwa Agatha. Ndiye aliyekuwa mke wa kwanza wa Nicodemo, na mtoto wao pekee alikuwa Kornelia. Kornelia aliugua kichomi akafa, wakati ndiyo kwanza ameanza kusimulia mambo kwa maneno yaliyopangika. Mama mkwe alikuwa mtu wa kushika mila za zamani, na kwa mila hizo mama aliyefiwa na mtoto alifungiwa ndani, hakuchanganyika na watu, hakwenda hata kuchota maji mpaka muda wake uishe. Kwa hiyo Agatha hakumzika mwanawe. Alisikia majembe akiwa ndani. Alipokuja kuruhusiwa kutoka, majani yalishaota, na Nicodemo akanyoosha mkono akamwonyesha mawe. Mimba hazikushika tena baada ya hapo. Nicodemo akaleta mke mwingine, na Agatha akaenda kupanga chumba upande wa pili wa mji, akaishi kwa kuuza nguo za mitumba. Yule mke mwingine hakuwa na roho mbaya. Alimwachia aje kupalilia kaburi alipotaka.

"Nicodemo hakuniambia kama anauza," Agatha alisema. "Nimesikia sokoni."

Evarist alipofika na kuelezwa, alimpigia Nicodemo simu palepale. Sauti ilisikika mpaka nje ya simu. "Ni kaburi la mtoto, ndugu yangu, la zamani. Nilijua mtaliona wenyewe." Kisha akasema yuko barabarani, mtandao haushiki vizuri, akakata.

Evarist alikaa juu ya tofali muda mrefu. Hakuwa mtu mbaya, na Marieta alitaka hilo lieleweke kila alipokuja kuyasimulia mambo haya baadaye. Alipima, akapima tena. Kaburi liliangukia katikati ya chumba cha tano.

"Tukiliacha, siyo chumba kimoja tunachokosa," alisema. "Hakuna mpangaji atakayelala na kaburi dirishani."

"Ni mtoto, Evarist."

"Najua ni mtoto. Ndiyo maana nataka apelekwe mahali ambapo hakuna mtu atakayemmwagia maji ya kufulia. Sheria inaruhusu. Tunaomba kibali, tunamhamisha kwa heshima. Gharama juu yetu." Akamgeukia mkewe. "Wewe ndiye wa kuongea naye. Mimi hawezi kunisikia."

Marieta alikwenda. Alikwenda mara ya kwanza wakaongea habari za mitumba na mvua tu, akarudi bila kulisema lililompeleka. Mara ya pili akalisema. Agatha aliendelea kukunja nguo zake.

"Apelekwe wapi?" aliuliza. "Kaka yangu Baltazar nimeshamuuliza. Anasema mtoto ni wa ukoo wa baba yake, kwetu hawezi kulala. Na baba yake ameshauza. Mimi mwenyewe nalala kwenye chumba cha watu."

"Kuna makaburi ya parokia. Tumeongea na padre, amekubali. Atawekewa msalaba wenye jina. Pale alipo hana hata jina."

Neno hilo la jina ndilo lililomshinda Agatha, na Marieta aliliona likimshinda. Mikono ilisimama juu ya nguo.

"Nitaruhusiwa kuwepo?"

"Utakuwepo. Hakuna wa kukuzuia."

"Safari ile sikuwepo," Agatha alisema, akaitikia kwa kichwa.

Kibali kilitoka. Asubuhi ya kazi walikuwepo bwana afya, mwenyekiti wa kitongoji, katekista, na Hhando na vijana wake wawili. Evarist alikuwa amechongesha sanduku dogo la mbao, amelipiga msasa mpaka linateleza. Agatha alikuja na shuka jeupe jipya na kablanketi ka watoto alikokuwa amekafua, bado kananukia sabuni. Katekista alisali. Mawe yakaondolewa moja moja, yakapangwa pembeni, na Hhando akaingia na beleshi, anachimba taratibu kama mtu anayefukua viazi asivitie jeraha.

Udongo wa juu ulikuwa mweusi, wa chini mwekundu. Wakashuka mpaka kiunoni mwa Hhando. Hakukuwa na kitu. Wakapanua upande wa kichwani, wakapanua upande wa miguuni. Hawakuona mfupa, hawakuona kipande cha nguo, hawakuona hata mahali udongo ulipobadilika. Vijana walianza kutazamana. Hhando alitoka shimoni, akajifuta mikono kwenye suruali, akasimama mbali kidogo.

Bwana afya alimsogelea Agatha. "Mama, mtoto mdogo namna ile, na miaka imepita mingi. Ardhi ya huku ina maji. Mara nyingine hakibaki kitu. Inatokea."

"Chimbeni hapa," Agatha alisema, akionyesha pembeni.

Wakachimba.

"Na hapa."

Wakachimba na hapo. Jua lilipanda, na shimo likawa kubwa kama chumba kilichokuwa kijengwe juu yake. Agatha alizunguka ukingoni na kale kablanketi mkononi. Sauti yake haikupanda hata mara moja. "Alinionyesha hapa," alisema. "Alisimama pale ulipokuwa mlango akanyoosha mkono, akasema, yuko pale kwenye mawe. Mimi sikuona wakimzika. Nilimwamini."

Evarist alimpigia Nicodemo. Simu haikupatikana. Akapiga tena na tena, akijua haitapatikana, kwa sababu alihitaji kitu cha kufanya na mikono.

Mwenyekiti ndiye aliyesema lililobaki. Kibali kilitaja kaburi lile tu, hakikuruhusu kufukua kiwanja kizima. Agatha alimsikiliza, halafu akageuka akautazama msingi wa upande wa barabara, uliokwisha kujazwa mawe na kumwagiwa zege. Kila mtu aliona anatazama nini.

Katekista akashauri wachukue udongo wa chini kabisa wauweke sandukuni, kwa kuwa kama mtoto alilazwa pale, basi udongo ule ndio yeye. Wakafanya hivyo. Hhando aliuweka kwa viganja, si kwa beleshi. Agatha alilitandaza shuka mwenyewe, lakini alipofika kwenye kablanketi akasita, akakarudisha kifuani. Parokiani padre alisali sala zote, na msalaba ukasimamishwa umeandikwa Kornelia kwa rangi nyeupe. Agatha alisimama nyuma ya watu wengine, kama mtu aliyepita akakuta mazishi ya jirani akaona si vizuri kuendelea na safari.

Marieta alilia njia nzima ya kurudi Tlawi. Evarist hakumwambia anyamaze. Walipofika alikwenda moja kwa moja zizini, akashinda huko.

Vyumba vilijengwa. Shimo lilifukiwa, likashindiliwa, chumba cha tano kikasimama kama vingine. Mabati ya rangi ya kijani, milango ya mbao ngumu, umeme kila chumba. Wapangaji walikuja kabla rangi haijakauka. Mwalimu mmoja na mkewe walichukua viwili, muuguzi akachukua kimoja, mnunuzi wa mazao akachukua vingine kwa ajili yake na mizigo yake. Kodi ilipoanza kuingia Evarist alimpeleka Judith chuo alichokitaka. Yote aliyoyasema yalitimia, ila hakuyafurahia kwa sauti, na jamaa wa Dar es Salaam hakusikilizwa tena mbele ya Marieta.

Agatha naye alianza kuja. Mwanzoni alisimama nje ya geti. Baadaye geti likiwa wazi aliingia, akatembea taratibu kufuata kuta, akasimama chumba hiki, akasimama chumba kile. Hakuomba kitu wala hakugusa cha mtu. Ila siku moja mke wa mwalimu alimkuta amepiga magoti barazani, kiganja kimelala juu ya saruji, na watoto wake wakakataa kutoka nje mpaka jioni. Mwalimu akampigia Evarist simu kwa adabu. Shikamoo nyingi, samahani nyingi, kisha akasema kama mambo yataendelea hivi watalazimika kutafuta pengine.

"Kaongee naye," Evarist alimwambia Marieta, bila kumtazama. "Wewe anakusikia."

Marieta alimkuta Agatha ndani, chumba kimoja chenye kitanda, marobota ya mitumba na jiko la mkaa. Kale kablanketi kalikuwa kamekunjwa juu ya mto. Aliwekewa kiti, akapewa chai, akaulizwa habari za Judith. Alijibu yote. Alipojaribu kuanza, Agatha alimsaidia.

"Wapangaji wamelalamika."

"Ndiyo."

"Wana haki. Hata mimi ningekuwa na watoto ningelalamika."

Marieta aliweka kikombe chini. Alikuwa amefikiria jambo njiani, na hakuwa amemshirikisha Evarist. "Mama Kornelia," alisema, "njoo ukae pale. Muuguzi anahama mwezi ujao. Chukua kile chumba. Sitaki kodi yako. Kaa tu, siku zote unazotaka."

Agatha alifumba macho.

"Hujui ni lini mara ya mwisho mtu aliniita hivyo," alisema. Alipofumbua macho yalikuwa makavu. "Siwezi, dada yangu. Nikilala pale nitakuwa nasikiliza chini ya sakafu. Nitakuwa nauliza kila hatua, ni hapa, ni pale. Nitapata wazimu."

"Basi nifanye nini?"

"Hakuna la kufanya." Alisema bila ukali, na hilo ndilo lililomuumiza Marieta zaidi. "Pengine yale mawe yalikuwa ya uongo. Pengine Nicodemo mwenyewe alishasahau, akaonyesha popote. Lakini mimi nilikuwa nayo. Nikichoka nilikwenda pale nikang'oa majani, nikarudi nimepumzika. Sasa sina pa kwenda. Pale parokiani nimekwenda mara moja. Ni sanduku la udongo."

Marieta alitaka kusema nisamehe, akaona neno lenyewe lingemtwisha Agatha kazi nyingine. Alibaki ameketi. Walikunywa chai mpaka ikaisha, kisha Agatha akamsindikiza hadi barabarani, kama desturi, wakaagana vizuri.

Agatha hakuja tena kiwanjani. Alitimiza bila hata kuahidi. Wakikutana sokoni walisalimiana, wakaulizana habari za nyumbani, na kila mara Marieta aliona nguo zimezidi kumpwaya. Halafu msimu mmoja meza yake ya mitumba ikawa ya mtu mwingine. Jirani akasema Agatha amehamia Babati, au labda mbele ya Babati, hakuaga watu wengi. Marieta alinunua nyanya alizokuja kununua, akarudi nyumbani.

Ulipita muda, na Evarist akawa na akiba. Hakusema mengi. Siku moja tu alimwambia mkewe kwamba Katesh, kata ya Jorodom, viwanja vimeshuka bei tangu mlima ulipoporomosha tope mjini. Kuna kimoja kiko pembeni, si kwenye njia ya tope yenyewe, na mwenye nacho ana shida. "Twende ukione," alisema. "Safari hii uulize wewe. Uulize yote unayotaka. Ukisema hapana, ni hapana."

Walikwenda. Mlima Hanang ulikuwa umefunikwa na wingu kuanzia katikati, na chini yake michirizi ya udongo mtupu ilikuwa bado inaonekana pale msitu ulipokatika. Mwenye kiwanja alikuwa mzee Qamara, mfugaji wa tambarare, aliyejifunga shuka na kushika fimbo. Wote wawili walimwamkia shikamoo, akaitikia, akawatembeza. Kiwanja kilikuwa sawa, kina njia ya gari na nguzo ya umeme karibu. Evarist hakupima wala hakuchora kitu hewani. Alisimama akamwachia mkewe.

"Mzee, hapa palikuwa na nini zamani?" Marieta aliuliza.

"Zizi langu dogo. Na pale kwenye yale magugu ilikuwa nyumba ya mdogo wangu." Alionyesha kwa fimbo. "Tope halikuja lote, ulikuja mkono wake tu. Ulitosha."

"Mdogo wako yuko wapi?"

"Yeye tulimpata, tukamzika. Mke wake hatukumpata."

Alisema bila kuficha, kwa sababu aliulizwa. Evarist alivua kofia. Marieta alitazama yale magugu, yamestawi sana, yana maua madogo ya njano. Alimtazama mumewe, akatikisa kichwa.

"Samahani, mzee wetu," Evarist alisema. "Tumekusumbua. Hatutaweza."

Mzee Qamara aliwatazama kwa zamu. "Ni kwa sababu nimesema?"

Evarist aliigeuza kofia mikononi.

"Waliokuja kabla yenu hawakuuliza, nami sikusema, wakashindwa bei. Ninyi mmeuliza nimesema ukweli, mnaondoka." Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. "Mdogo wangu ameacha watoto. Niko nao. Ng'ombe waliobaki hawawatoshi. Nikiacha kuuza ardhi hii niuze nini?"

Marieta alifungua pochi, akaona aibu, akaifunga. Alimshika mzee mkono kwa mikono yake miwili, akainamisha kichwa, na huo ndio msaada pekee alioweza kumpa. Waliondoka. Walipofika barabarani Marieta aligeuka, akamwona mzee bado amesimama kiwanjani, ameegemea fimbo, anaangalia upande wa mjini kama kuna mnunuzi mwingine aliyeahidi kuja.

"Mwingine atanunua," Evarist alisema.

"Najua."

"Na atajenga."

"Najua, Evarist."

Gari lilipotokea, Evarist alilisimamisha. Waliingia wakakaa pamoja kiti cha nyuma, wakageuka kuitazama Katesh mpaka ikapotea nyuma yao.